Mapezi ya Mtu wa Juu

Jumamosi ile Fundi alikuwa na milango miwili ya kabati ya kufunga bawaba, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Alhamisi. Kabati lenyewe lilimzidi kimo, na mteja wake alikuwa amekwisha kupiga simu mara tatu asubuhi hiyo. Ndipo mwanawe alipopita karakanani na begi lake refu begani, na nyuma yake rafiki yake Kiboko na begi kama hilo hilo, wanaelekea baharini kuzamia samaki kama kila Jumamosi.

"Kiboko," Fundi akaita, "niazime mikono yako saa mbili tu. Uninyanyulie milango hii."

Kiboko akamtazama mwenzake. Huyo mwenzake, ambaye hata wazazi wake walishaacha kumwita jina wakamwita Mrefu, akacheka.

"Baba, huyo ndiye macho yangu. Nikishuka mimi, yeye yuko juu ananitazama. Akishuka yeye, niko juu mimi. Ukimchukua yeye umenichukua na mimi."

"Macho unayo mawili, umezaliwa nayo," Fundi alisema. "Kwani mnavua samaki au mnatembea mmeshikana mikono kama maharusi?"

Wote watatu walicheka. Mrefu akasema sawa, atatangulia, hatakwenda mbali, atazungukazunguka kwenye miamba ya karibu mpaka Kiboko amfuate. Akainamisha kichwa kupita mlangoni. Baba yake alikuwa ameipandisha fremu ya mlango ule miaka minne nyuma kwa ajili ya kichwa hicho hicho, na haja ya kuinama haikuwepo tena, lakini mazoea yana tabu. Fundi aliona kisigino chake kikivuka kizingiti, akageukia bawaba zake.

Saa sita mchana Kiboko alimfuata. Alikuta boya la rangi ya machungwa limetulia juu ya maji, kamba imeshuka wima bila kutikisika. Mrefu alikuwa chini, mita nane, mapezi bado miguuni, mshale bado kwenye bunduki.

Watu walikuja matangani, wakakaa, wakaondoka. Kila aliyekuja aliuliza swali moja: ilikuwaje akawa peke yake, na hao wawili wanajulikana kwa kutoachana? Kiboko alijibu kila mara, "Nilichelewa." Fundi alikaa pembeni akisikia kijana wa watu akibeba mzigo usio wake, na kila alipotaka kufungua kinywa, aliinuka kupanga viti. Mke wake alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwake. Hakumwambia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na jambo lisilosemwa siku ya kwanza likazidi kuwa zito kila siku iliyofuata. Mapezi ya Mrefu Fundi aliyatundika karakanani, kwenye msumari ulio juu ya meza ya kazi.

Kitu kimoja tu hakikukatika. Kila Jumamosi mchana Kiboko alifika na samaki aliyefungwa kwenye gazeti, kama Mrefu alivyokuwa akileta.

"Umekwenda na nani?" mke wa Fundi alimuuliza kila mara kabla ya kumpokea.

"Na wenzangu, mama."

Mwezi wa saba tangu msiba Fundi alishuka ufukweni kupeleka fremu ya dirisha. Akaliona boya moja la rangi ya machungwa, peke yake. Alitafuta kichwa cha mtu wa pili, hakukiona. Akaweka fremu mchangani, akaanza kuhesabu bila kujua kwamba anahesabu. Alifika sitini. Alifika tisini. Kwenye mia moja na nne kichwa kilichomoza, kikapuliza maji.

Fundi aliingia majini na viatu vyake. "Wenzako wako wapi?"

Kiboko alisogea hadi miguu yake ikagusa chini, akavua miwani. Alikuwa na alama nyekundu kuzunguka macho.

"Nani atakaa juu, mzee? Kila ninayemwomba anataka kushuka. Kukaa juu unatazama mgongo wa mtu mwingine saa tatu, unarudi bila samaki, unarudi bila hadithi. Mrefu tu ndiye aliyekuwa tayari."

"Basi usije."

"Nikae wapi? Nyumbani naisikia ile milango yako ya kabati." Akajuta hapo hapo. "Samahani, mzee. Sikukusudia."

Fundi alitazama viatu vyake ndani ya maji. "Nitakaa juu mimi," akasema.

"Wewe?"

"Naogelea tangu sijajua kuvaa suruali."

"Kuogelea sawa. Lakini pumzi ikinikatika nikaanza kuzama, utanifuata na nini? Na randa?"

Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kumtania mwenzake tangu siku ile. Hawakucheka.

Jumatatu Fundi aliyashusha mapezi ya Mrefu kutoka kwenye msumari. Yalikuwa mapana na marefu, na ndani ya kile kiatu cha mpira kilicho kwenye pezi mguu wa Fundi ulielea kama kijiko ndani ya ndoo. Alifanya kile ambacho fundi seremala hufanya kitu kikipwaya: alijaza. Alikata sifongo la kochi, akalichonga kwa wembe, akalisokomeza kisiginoni na vidoleni, akajiona kapata. Alasiri akayajaribu kwenye maji ya kiunoni. Sifongo lilinywa maji, pezi la kushoto likageuka ubavu, na msuli wa shavu la mguu ukamkaza akapiga kelele mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakiosha mazulia. Alitoka akichechemea, kayakumbatia mapezi kifuani kama mtoto aliyelala.

Kesho yake aliyachukua yote mawili, na sifongo lake, akaenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuzamia mpaka ngoma ya sikio moja ilipopasuka. Tangu hapo aliongea kama mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya barabara.

"Hiki nini?" alivuta sifongo kwa vidole viwili. "Umeshona mto?"

"Yananipwaya. Nimejaza nafasi."

"Baba yangu, huu si mlango uliopinda! Mguu ukicheza humu ndani, nguvu yako yote inaishia humu humu. Na msuli ukikukaza kule, nani atamwokoa nani?" Kisha akaligeuza pezi, akaona mkwaruzo karibu na ncha. Alilitambua. Yeye ndiye aliyeliuza. Akaliweka juu ya meza taratibu sana.

"Namba ngapi unavaa?" aliuliza.

"Arobaini na moja."

"Mguu mtupu au na soksi ya mpira?"

Fundi hakujua kwamba kuna swali kama hilo. Akakalishwa kwenye kigoda, akavalishwa soksi, akaletewa jozi tatu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye zile nyeusi. Aliukunja ubao wa pezi kama anavyojaribu mbao sokoni, akauachia, ukarudi kwa kishindo. Hizi, akasema. Hizi zina nguvu.

"Zina nguvu ya kukumaliza. Pezi gumu linataka mapaja ya kijana. Wewe likikugomea mara kumi, pumzi yote imeliwa na mguu. Wanaoanza wote wanakuja hapa wanang'ang'ania ugumu, utadhani wananunua jembe. Chukua hizi." Alimpa za plastiki ya kijivu. Alipozikunja zilimtii bila ubishi, zikarudi polepole.

"Hizi legelege zitanifikisha?"

"Zikufikishe wapi? Unawinda samaki gani?"

"Siwindi. Nakaa juu. Nataka zinifikishe kwa mtu aliye chini."

Mwanamke akaacha kufunga maboksi. Fundi aliona kwamba asipouliza leo hatauliza tena.

"Mama, mtu wa juu akiwepo, na wa chini akazimika. Anawahi?"

Kwa mara ya kwanza mwanamke alishusha sauti. "Wengi hawazimikii chini. Wanazimika wakiwa wanarudi, wamebakiza mita tatu, mita mbili. Unamshika kidevu, unamtoa uso nje, unamvua miwani, unampuliza mashavuni, unamwita. Mara nyingi anakohoa, anakuuliza kwa nini umemshika."

"Mita mbili," Fundi alisema.

"Ndiyo, baba."

Alitazama mapezi yote mezani, ya kijivu na ya mwanawe. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema popote, kwa sauti ndogo, akitazama soksi zake.

"Sema kwa nguvu," mwanamke alisema. "Sikio hili limekufa."

"Nilimzuia Kiboko!" Ikabidi apaaze. Mteja mmoja mlangoni aligeuka. "Siku ile nilimzuia Kiboko asiende, ili aninyanyulie mlango wa kabati. Na milango naifunga peke yangu miaka thelathini. Unaweka kabari mbili chini, mlango unasimama wenyewe. Sikumhitaji. Mgongo ulikuwa unauma tu, nikataka mtu wa kuongea naye."

Mwanamke hakumwambia asijilaumu. Alizunguka meza, akapiga magoti, akamvalisha pezi la kijivu mguu wa kushoto, akapitisha kidole kisiginoni kuona kama kuna nafasi.

"Vidole vinabanwa?"

"Hapana."

"Kisigino kinachezacheza?"

"Hapana."

"Basi hilo ni lako."

Nyumbani, mke wake alikuwa akikunja nguo kitandani. Aliona begi, akaona ncha mbili za kijivu zimechungulia.

"Ya nani hayo?"

"Yangu."

"Bahari haijatosheka na nyumba hii?"

Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimwambia yote, kuanzia mgongo hadi kabari. Hakujipunguzia. Mke wake aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kiboko alikuja mbio kuniita. Nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao. Nilimpangusa kwa mkono wangu, nikamwambia, wewe leo umelala karakanani? Nilimpangusa kabla sijaelewa anachoniambia." Shati likabaki mapajani mwake. "Mtu aliyechelewa tu hatoki na vumbi la mbao kichwani."

"Na hukuniuliza."

"Nilikuwa nakungoja. Miezi saba nakungoja, baba. Nalala upande huu nakusikiliza unavyopumua, nasema labda leo."

Fundi alitaka kumshika mkono. Mkono wa mke wake ulikuwa chini ya shati na hakuutoa.

"Utanisamehe?"

"Usiniulize hilo leo."

Nje mtu alikuwa akiburuta meza ya bati. Baadaye mke wake aliyatoa mapezi kwenye begi, akayapima kwa shubiri kama kitambaa, akapitisha kidole gumba ndani ya kiatu cha mpira, mahali pa kisigino.

"Yanakukaa?"

"Yananikaa."

"Yasiende karakanani. Yatundike hapa, nyuma ya mlango. Nataka niyaone yakitoka na niyaone yakirudi."

Fundi alipiga msumari mmoja nyuma ya mlango wa chumba. Mapezi ya Mrefu aliyarudisha juu ya meza ya kazi. Lile sifongo alilitupa.

Kiboko bado huleta samaki mchana, na mama wa nyumba bado humuuliza amekwenda na nani kabla ya kumpokea. Huwa anamtazama kwanza mumewe, nywele zimelowa, alama ya miwani usoni. Kisha anakwenda chumbani kutazama nyuma ya mlango, ndipo anarudi kuchukua samaki. Lile swali jingine, la msamaha, halijajibiwa, na Fundi hajalirudia.

Siku hizi Jumamosi karakana inafunguliwa saa nane mchana.