Vikao Ishirini na Vinne

Theresia alipokubali kuolewa na Dominiko, aliweka sharti ambalo mjomba wake, mzee Pazi, hakulielewa hata alipoelezwa mara ya tatu. Alitaka kwanza aketi na rafiki zake kwa kila namna inayowezekana.

Rafiki hao walikuwa Bernadeta, Kristina, na ndugu wawili, Veronika na Magdalena. Tangu watoke shule ya masista hapo Matombo, wote watano walichambua maharage ya misheni pamoja, wamelizunguka lundo. Kila kikao kilianza kwa ubishi wa nani akae karibu na nani, maana Kristina alikuwa na habari za kila nyumba mpaka Mgeta, na Theresia aliweza kuwaiga mapadri wote, kila mmoja na kikohozi chake. Sasa Theresia alikuwa anakwenda kuishi Morogoro mjini, kwa seremala wa reli ya Wadachi. Ilikuwa mwaka wa pili tangu garimoshi lifike huko. Bernadeta akatoa wazo kwamba kabla ya harusi wakae kwa kila mpangilio mara moja, asibaki mtu na kinyongo.

Theresia alikuwa hodari wa hesabu. Aliandika ardhini kwa kijiti: wa kwanza ana nafasi tano za kuchagua, wa pili zinabaki nne, kisha tatu, mbili, moja. Alipozidisha alipata mia moja na ishirini. Wakiketi asubuhi na alasiri, hizo ni siku sitini za kazi. Wangeingia Kwaresima, na Kwaresima padri hafungishi ndoa, kwa hiyo harusi ingengoja Pasaka ipite. Wasichana walicheka mpaka maharage yakamwagika. Mzee Pazi akatuma ujumbe mjini kwamba mchumba amepatwa na jambo, bwana harusi aje mwenyewe.

Dominiko alitembea siku mbili. Alimwamkia mjomba shikamoo, akanywa maji, akasikiliza shauri lote. Kisha akaomba ungo, na matunda matano yasiyofanana. Ukingoni mwa ungo akapanga ndizi, chungwa, limau, embe na nanasi, akayapa majina ya wale watano. Bernadeta alipewa nanasi, akanuna. Dominiko akauzungusha ungo polepole.

"Nanasi limehama," alisema. "Lakini jirani zake ni nani?"

Walikuwa walewale. Akauzungusha tena na tena, mpaka nanasi likarudi lilipoanzia, na muda wote huo embe lilikuwa kulia kwake na ndizi kushoto. Theresia akashika kichwa, kisha akaanza kucheka kwa sauti nyembamba, kwa sababu kosa lake alikuwa ameliona. Kila mpangilio alikuwa ameuhesabu mara tano, kumbe ni mmoja tu uliozunguka. Mmoja wao akikaa palepale na wanne wakahama, ni nne mara tatu mara mbili. Vikao ishirini na vinne, siku kumi na mbili.

Furaha ikampanda Dominiko kichwani, akataka kupunguza zaidi. Alisema kama kulia na kushoto ni mamoja, basi vikao ni kumi na viwili, na wiki ijayo yeye ni mume wa mtu.

"Si mamoja," Bernadeta alimjibu. "Mimi sikio la kushoto halisikii. Kristina akikaa upande huo, ni kama yuko Mgeta."

Mzee Pazi alijifunika uso kwa shuka, mabega yakimtikisika. Hoja ya Bernadeta ikapita.

Kesho yake Dominiko alichuchumaa kwenye lundo ili asaidie. Theresia alimwambia kwamba wakiwa sita inarudi mia moja na ishirini. Aliinuka kama aliyekalia siafu, akaondoka kwenda kazini kwake bila hata kumaliza uji.

Magdalena ndiye aliyekaa palepale, mgongo kwenye nguzo, wengine wakahamahama. Sista mmoja alikuja kuuliza kelele za nini, akaelezwa, akaenda zake akihesabu kwa vidole. Kufikia kikao cha kumi na saba Kristina aliishiwa habari, akaanza kutunga. Alimwozesha Veronika kwa mfua vyuma wa Mgeta, na Veronika akakaa siku nzima akiuliza huyo mfua vyuma ana umri gani.

Kikao cha mwisho hakuna aliyetaka kiishe. Walichambua punje mojamoja, na Bernadeta alikamatwa akirudisha mbovu kwenye lundo. Theresia aliwaiga mapadri wote mpaka machozi yakawatoka, na hakuna aliyeuliza kama ni ya kicheko tu.

Ndoa ilifungwa zikiwa zimebaki siku mbili Kwaresima ianze. Njiani Theresia alimsimulia mumewe kikao kimoja baada ya kingine, akiiga sauti zote, wakisimama kila mara ili Dominiko apate pumzi. Mabati ya stesheni ya Morogoro yalipoonekana, walikuwa wamefika kikao cha tisa. Dominiko akaketi kando ya njia, akamwomba aendelee.