Rafiki wa Mheshimiwa

Uongo wa gazetini una kiburi chake, haki ya Mungu. Ukimwambia Mzee Mwaura jambo kwa mdomo, atakuuliza umelisikia wapi. Akilisoma kwenye gazeti la Jumapili, basi, hata bintiye wa kumzaa hawezi kulipinga.

Hicho ndicho kilichomchoma Wariara, bintiye. Yeye na akina mama wenzake wa Dundori walikuwa wameng'oa vigingi ambavyo watu wa mbunge walipigilia kwenye kiwanja cha josho la ng'ombe, ardhi ya umma ambayo kila mtu pale anajua ni ya umma. Waliving'oa mchana kweupe, kwa mikono yao. Jumapili iliyofuata Peter Thuo, mwandishi wa safu ya siasa ambaye Mzee Mwaura amemsoma miaka nenda miaka rudi, akaandika kwamba wanawake wale walikodiwa na wapinzani wa mbunge. Akamtaja Wariara kwa jina kuwa ndiye aliyegawa pesa. Kugawa pesa! Mtu aliyeacha viazi vyake shambani bila kupaliliwa ili akang'oe vigingi!

Mzee alikunja gazeti, akaliweka juu ya kabati. Wariara amepewa jina la nyanyake, mama mzazi wa Mzee, ndiyo maana tangu azaliwe babake alimwita Mama. Kuanzia siku ile akawa anamwita "wewe", na chai anayomletea anaiacha inapoa.

Wariara hakulia. Alishika magazeti ya zamani ambayo mzee huyarundika juu ya kabati, akayasoma moja baada ya jingine. Thuo ana kalamu tamu, hilo hakumnyima. Aliwachapa mawaziri, akamchapa gavana, akawachapa hata maaskofu. Na mbunge wao je? Barabara ikiharibika, kosa ni la mkandarasi. Basari za karo za wanafunzi zikipotea, kosa ni la machifu. Mbunge alitokea tu palipokuwa na sifa. Isitoshe, hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo Thuo aliandika kwamba alimpigia simu mtu aliyemshutumu, akasikia upande wake.

Alimwekea babake hayo yote mezani. Mzee akasema Thuo hana upande, maana yeye huwachapa wote.

"Wote isipokuwa mmoja, Baba."

Mzee akamwambia anajitetea tu, akachukua ndoo yake akaenda kukama. Wariara alibaki pale akisaga meno.

Mwisho wa mwezi kukawa na harambee ya kujenga ukumbi wa kanisa, na mgeni wa heshima alikuwa mbunge huyohuyo. Sasa, kwenye harambee zetu mheshimiwa haji peke yake. Huja na marafiki, na emsii anayeongoza shughuli huwaita kwa majina wasimame, wapunge mkono, kisha wapeleke bahasha zao pamoja na yake. Kama hutaki ijulikane wewe ni mtu wa nani, usipande gari lake. Peter Thuo alipanda. Pengine kule mjini, Milimani anakoishi, walimwambia watu wa huku juu hawasomi. Emsii alipomtambulisha kama rafiki wa karibu wa Mheshimiwa, Thuo alisimama na bahasha yake mkononi, uso uleule wa kwenye picha ya gazeti, akapunga. Jamani, hata haya hakuona!

Mzee Mwaura akainuka. Wariara alimshika koti, lakini mzee alijitoa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye hema la wageni. Akamuuliza Thuo kama alizungumza na Wariara kabla ya kuandika habari za josho.

"Wariara gani, mzee?" Thuo akasema, bado anatabasamu.

Hata jina halikumbuki! Alimpaka mtu matope mbele ya nchi nzima, akamvuruga na babake, kisha akamsahau kama bei ya nyanya ya mwaka jana.

Mzee alirudi kwa hasira, akaketi kando ya bintiye.

"Hakukuuliza," akasema, na watu wakageuka. "Msomi mzima, anaandika mabaya ya mtoto wa mtu bila hata kumuuliza."

Wariara alikuwa amengoja wiki kadhaa babake aone. Sasa ameona, lakini hasira ilikuwa haijamtoka.

"Na wewe hukuniuliza, Baba."

Emsii aliendelea kuita majina.