Minyaa ndani ya Tangi

Jumamosi asubuhi Ezekia alivua saa, akatumbukiza mkono kwenye tangi la kioo lililochukua ukuta mzima wa sebule yake huko Kwihara, akaanza kuhamisha mawe. Samaki wapya walikuwa wamefika kwa treni kutoka Kigoma, na hawa samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika hawapendi wageni. Wenye milia huwauma wa njano, wa njano huwafukuza wadogo wanaolala ndani ya makombe ya konokono. Dawa ni moja: vuruga mawe, kila mmoja asahau kwake palikuwa wapi.

Dawa hiyo Ezekia aliitumia hata nje ya tangi. Kaka yake Samweli alipofariki, watu wakiwa bado matangani, aling'oa ua wa minyaa uliotenganisha viwanja vyao. Kisima cha Samweli kikawa upande wake, kikatiwa kufuli. Tangu hapo Recheli, mjane wa Samweli, aliomba maji kwa shemeji yake kama mpita njia, na mchicha aliokuwa akiuza ukakauka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ezekia alishika nusu ya kwanza.

Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wamerudisha mawe. Waliyabeba kwa midomo, wenye milia pamoja na wa njano, wakayapanga mstari mmoja. Ezekia akayavuruga. Wakayapanga tena. Jumatatu minyaa ikachipua juu ya mstari ule, myembamba kama njiti za kiberiti. Samaki wote walikaa upande mmoja. Upande wa pili, palipokuwa na kombe moja kubwa limesimama wima kama kisima, hakuvuka hata mmoja.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa, mzee Wilbroad, alikuja kuamua shauri la kiwanja. Recheli alisimama mlangoni na ndoo tupu. Mzee aliinama mbele ya kioo, akatazama kwa muda mrefu, akakiri kuwa minyaa ya Samweli ilikuwa imepita vivyo hivyo.

"Basi si umeona, mzee wangu?" Recheli alisema.

"Nimeona, mama. Lakini huo ni mpaka wa samaki. Wa kwenu uko wapi?"

Mzee alionyesha dirishani. Uwanja ulikuwa mweupe, umefagiliwa.

Ezekia alichukua kisu, akazamisha mkono kwenye maji. Mzee Wilbroad akamshika kiwiko.

"Usithubutu. Utomvu wa minyaa ni sumu. Ukikata, hubaki na samaki hata mmoja."

Ezekia akatoa mkono na kisu chake.

Recheli alishindwa shauri, akahamia kwa kaka zake Usoke, akaondoka na ndoo yake. Siku hizi Ezekia huchota maji kisimani, huyamimina tangini taratibu, na mawe hayagusi. Wageni wakiuliza mbona upande ule hauna samaki, huwaambia kwamba pale pana mwenyewe.