Leseni ya Maisha ya Mzee Thurlow

Wilfred Thurlow aliibwaga leseni yake kuukuu ya urubani mezani kwa mkaguzi wa klabu ya ndege ya Lincolnshire, Uingereza, Bi Askew.

"Imeandikwa ya maisha. Kwani mimi nimekufa?"

"Sheria za Ulaya zimebadilika, mzee. Lazima nikujazie fomu upewe mpya, na humu kwenye leseni yako hamna uthibitisho kwamba unajua Kiingereza."

"Nimezaliwa hapo nyuma ya kanisa, we mwanamke."

"Haijaandikwa."

Thurlow akapandwa na mori. Alimtukana yeye, Ulaya nzima na aliyebuni ile fomu, robo saa, bila kurudia tusi hata moja. Bi Askew alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajaza: Kiingereza, daraja la juu kabisa.

"Umefaulu," alisema, akimsukumia fomu. "Bahati yako hawajaweka mtihani wa adabu."