Kisanduku cha Kaburi

Nelima, karani wa wakili Walubengo, alibandika karatasi ya manila ukutani, ofisini kwao juu ya duka la mitumba pale Kibuye, akachora kesi ya Ajwang. Juu kabisa aliandika: Shamba la Awasi ni la Ajwang. Chini yake alipanga hoja kwenye visanduku, kila kimoja na mshale wake. Mishale yote ilishuka kwenye kisanduku kimoja: mumewe, Oketch, amezikwa pale. Mjaluo huzikwa kwake, hazikwi kwa wenyewe. Hicho Nelima alikizungushia kalamu nyekundu. Kisha, kwa haraka zake, aliubandua mchoro, akaufunga pamoja na nakala za kupelekewa upande wa pili.

Upande wa pili ni Obonyo, shemejiye Ajwang, mzee wa kanisa mzima. Akausoma.

Jumanne alifika shambani na wanaume wanne. Walimvunja Ajwang mkono kwa mpini wa jembe, wakafukua kaburi, wakampasua Oketch kichwa kwa panga ili asirudi, wakamtupa mtoni.

Jumatano saa tatu asubuhi Oketch aliingia ofisini, tope mpaka magotini, akasalimia. Nelima alimpa kiti na kitambaa cha kujifunga kichwa.

"Madam, wamenitoa kwangu," alisema. "Sasa nilale wapi?"

"Pole, Mzee. Ngoja nikuandike shahidi."

Siku ya kesi, Obonyo alimkuta Oketch kwenye veranda ya korti, akamkata tena, mapanga mawili ya shingo. Askari alimnyang'anya panga, akaandika kwamba hakuna aliyeuawa. Kweli, nani auawe mara mbili?

Ndani, wakili wa Obonyo hakusema mengi. Shahidi ana cheti cha kifo. Kaburi tupu si kaburi, na mtu anayetembea hajazikwa popote. Hakimu aliutazama mchoro aliokabidhiwa na wakili huyo, akakifuta kile kisanduku chekundu, na vingine vyote vikadondoka sakafuni. Vikafagiliwa. Shamba akapewa Obonyo. Nelima alilia kwa uchungu, tena mbele ya watu, maana kosa lilikuwa lake.

Ajwang alipanga chumba Migosi. Oketch yuko naye. Mwenye ploti amekubali, mradi asizikwe humo. Kila jioni Ajwang humwosha majeraha kwa mkono wake mmoja mzima, na Oketch humwuliza habari za shamba.

"Obonyo amepanda mahindi pale ulipokuwa," Ajwang humjibu. "Yamekubali sana."