Mzigo wa Nyumba Namba Tisa

Mimi ni fundi wa stima, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sipendi kufundishwa kazi. Kwa hiyo Injinia Nzisa alipofika kwenye ploti yetu ya Baba Dogo na daftari badala ya bisibisi, nilinuna. Stima ilikuwa inapotea kila wiki, na landilodi alikuwa amekubali kuweka sola. Mpango nilikuwa nao kichwani: paneli juu ya paa, betri chini ya ngazi, kila nyumba igawiwe sawa. Kazi ya siku nne, basi.

"Bado hatujafika kwa paneli, Fundi Munene," aliniambia. "Kwanza tujue hii stima ni ya nani na ni ya nini. Ikibaki kidogo, nani asizimiwe?"

"Injinia, stima ni stima."

Akatabasamu tu, akabandika karatasi kwenye kila mlango: *Andika mizigo ya nyumba yako na saa zake.* Kwetu mafundi, mzigo ni kitu chochote kinachokula stima: taa, televisheni, pasi. Wapangaji hawakulijua hilo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwaambia.

Jumamosi tukakusanyika uani. Nilijitolea kusoma majibu, maana nilikuwa na hamu ya kuona daftari lake likiumbuka. Namba mbili alikuwa ameandika: "Shemeji yangu, tangu Krismasi." Namba tano: "Mguu wa kushoto, kukiwa na baridi." Watu wakashika mbavu. Nikafika namba tisa, kwa Mama Mumo, aliyehamia na mumewe miezi miwili iliyopita, nikapaza sauti: "Mzigo wangu ni mume wangu. Saa zote."

Uani pakalipuka vicheko. "Si amrudishe ushago, kijijini kwao!" alipiga kelele Owen, dereva wa namba saba. Mama Mumo mwenyewe hakuwapo. Nilicheka hadi machozi.

Nzisa hakucheka. "Saa zote?" aliuliza. Akaninyang'anya karatasi, akapanda ngazi hadi namba tisa. Nikamfuata, kicheko hakijaniisha.

Mzee Ngui, mumewe Mama Mumo, alikuwa ameketi kitandani, mpira mwembamba puani. Alichonga vinyago miaka arobaini, na vumbi la mbao lilikuwa limemla mapafu. Kando yake mashine ya oksijeni ilinguruma. Nilikuwa nikipita mlangoni pale kila siku nikidhani ni friji.

"Mliuliza mzigo, nikasema ukweli," alisema Mama Mumo.

"Na stima ikipotea, Mama?" Nzisa aliuliza taratibu.

"Namshika mkono, namwambia apumue polepole. Juzi ilipotea dakika arobaini. Midomo ikageuka rangi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nzisa akaketi sakafuni, akachora duara dogo: mashine ya Mzee. Akalizungushia la pili: taa na simu. Nje kabisa akaweka televisheni, pasi na mengineyo. Betri ikishuka, la nje litajizima kwanza, kisha la pili, na la katikati litabaki. Akahesabu hata mawingu ya Julai. Nimefunga nyaya nusu ya maisha yangu, na sijawahi kuona ploti nzima ikipangwa kuizunguka pumzi ya mtu mmoja.

Tulirudi uani tukaeleza. Owen akakohoa. "Injinia, yangu izimwe mapema. Haina noma."

Wiki ya tatu baada ya kumaliza kazi, Jumapili watu wakitoka kanisani, stima ilipotea mtaa mzima kwa muda wa saa tano. Betri ilikuwa imeshuka, na televisheni zote zimejizima. Nilikuwa bado siiamini kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nilipanda ngazi mbio mpaka namba tisa, nikasukuma mlango.

Mashine ilikuwa ikinguruma, na Mzee Ngui aliniinulia kiganja nisipige kelele. Mkewe alikuwa amelala.