Ulimi wa Kitasa

Kaka alileta kitasa cha mlango wa chumba cha marehemu mama kikiwa kimeviringishwa kwenye taulo, akakiweka mezani kati ya tupa na kopo la mafuta. Dada yake, fundi wa vitasa vya zamani, alikuwa akikwangua kutu kwenye kufuli la sanduku.

"Kisugue king'ae, mdogo wangu. Nataka kukitundika sebuleni, kumbukumbu ya mama."

"Kukisugua ni kukiharibu. Nitaondoa kutu, weusi wa uzee nitauacha."

"Haya, mtaalamu. Wageni wakiuliza, nitasema umekikaanga."

Walicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Fundi alifungua skrubu, akatoa springi, akaloweka vipande kwenye mafuta ya taa. Ulimi, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye fremu, ulikuwa umekwama. Aliupiga mswaki, akautia tone la mafuta. Ulimi ukalegea, ukasema kwa sauti ya mama, "Nifungulieni. Namsikia binti yangu hapo barazani."

Fundi alifuta mafuta yaliyozidi. Vitasa vya zamani huwa hivyo vikilainika. Kimoja cha duka la dawa kiliwahi kukohoa hadi mwenyewe alipokuja kukichukua.

"Ni mama," alisema.

"Ndiye," kaka alikubali. "Hata mafua yake yamo."

Mwaka mzima wa mwisho, kila fundi alipokwenda kumwona mama, kaka alimpokea barazani kwa neno moja: amejifungia. Aliacha matunda aliyobeba, akarudi kwake akijiuliza amemkosea nini mzazi wake. Mama alifariki hawajaonana.

Fundi alikigeuza kitasa. Tundu la ufunguo lilikuwa upande wa nje tu. Upande wa ndani ulikuwa chuma kitupu.

"Kaka, alijifungiaje?"

Kaka alichukua tupa, akaitazama, akairudisha. "Alikuwa anatoka, anapotea. Wifi yako alichoka kumtafuta mitaani."

"Ungeniambia amefungiwa."

"Amejifungia, amefungiwa. Unagombana na mimi kwa silabi?"

Fundi aligeukia meza. Aliunganisha vipande, akapaka nta, akafanya kazi safi, kwa kuwa kilikuwa cha mama.

Sasa kitasa kiko ukutani sebuleni, na ufunguo wake kwenye msumari kando. Jioni, taarifa ya habari ikianza, kinaomba kufunguliwa, na wifi huongeza sauti ya redio. Wageni husifu ufundi. Wakiuliza habari zake, kaka huwaambia mama alipenda sana kujifungia.

Jumapili fundi hupita kuwasalimu. Kabla ya kukaa, huchukua ufunguo, akauzungusha. Ulimi hurudi ndani, kitasa hunyamaza, nao hunywa chai na kuulizana habari za watoto.

Akishaondoka, kaka hukifunga tena. Kikiwa wazi, anasema, hakipendezi ukutani.